Bia ya Sendofu ya Lilian

Sehemu ya Kumi na Tisa

Bia ilikuwa inamwagika.

Ilijaa chupani, ikafurika, ikashuka kwenye vidole vya Lilian mpaka kwenye kandambili zake, na Lilian hakuiona. Mkono mmoja umeshika mpira unaotoka kwenye pipa la chuma. Mkono wa pili umeshika simu. Yale maneno tuliyoachana nayo Jumapili, ndugu msomaji, bado yalikuwa yanatoka kwenye ile simu.

"Duara limeporomoka, mdogo wangu. Maige yuko ndani."

"Skola, rudia."

"Limeporomoka alfajiri! Maige yumo na Danford yumo. Watu wanachimba kwa mikono. Mimi nilikuwa nachemsha chai, nikasikia tu ardhi imeguna..."

Simu ikakata.

Skolastika ni mama lishe anayewapikia wachimbaji wa dhahabu kule Buhemba, kwenye yale mashimo wanayoyaita maduara. Si mtu wa utani. Na Maige, kwa yule anayelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, ndiye aliyekuwa amuoe Lilian. Sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ilikuwa iwe Jumamosi, hapa hapa Kigera, Musoma, kwenye uwanja huu wa nyuma ya nyumba ambako Lilian alisimama miguu imelowa bia.

"Wee Lilian! Bia hiyo! Unainywesha ardhi?"

Hiyo ilikuwa sauti ya baba yake, mzee Ryoba. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, miguu iliyovimba ameiweka juu ya kreti.

Lilian akakibana kibomba cha kwenye mpira.

"Nani huyo amekupigia?"

"Fundi cherehani, Baba. Anasema gauni halijaisha."

"Mafundi wanadanganyaga hivyo hivyo mpaka siku yenyewe. Jaza, mama. Jaza."

Nyamburi, mama yake Lilian, alikuwa anasuuza chupa kwenye beseni la barafu. Aliuona uso wa binti yake. Akaiacha chupa, akajifuta mikono kwenye kanga, akaelekea jikoni. Lilian akamfuata.

"Ni nini?"

"Mama, duara limemfunika Maige."

Nyamburi alijishika mdomo. Sauti iliyotaka kutoka akaimeza, maana dirisha la jikoni linatazama kile kiti cha plastiki.

"Amekufa?"

"Hawajui. Wanachimba. Mama, mimi naenda Buhemba sasa hivi."

"Huendi."

"Mama!"

"Nisikilize. Daktari alisema nini juu ya moyo wa baba yako? Alisema habari ya ghafla itamuua. Ukitoka hapo nje na uso huo, atakuuliza, na wewe hujui kumdanganya baba yako. Tutalia misiba miwili leo."

"Na Maige je?"

"Maige anachimbuliwa na wanaume wenye nguvu. Wewe ukifika utashika nini? Nawa uso. Tujaze zile chupa. Skola atapiga tena."

Lilian alinawa uso. Akanawa mara ya pili. Akatoka.

Ile bia, wasomaji wangu, haikuwa bia ya duka. Ryoba alikuwa fundi wa mitambo ya bia ya pipa kwenye hoteli moja pale mjini mpaka moyo ulipomshinda. Alipostaafu akaondoka na pipa moja kuukuu na mtungi wa gesi, akaanza kupika bia yake nyumbani, bia ya ulezi kutoka kwao Butiama, aliyoichuja mpaka ikawa nyekundu na safi. Majirani walimcheka. Kisha wakaionja.

Hili lilikuwa pipa la mwisho. Alijua mwenyewe kwamba hatapika tena. Na alitaka ijazwe kwenye chupa, ili kila mkwe atakayekuja toka Bunda akabidhiwe chupa yake mkononi, kwa heshima.

"Ingiza mpira mpaka chini," alielekeza. "Hapo. Taratibu. Ukiiharakisha inakuwa povu tupu. Sasa acha povu lipande lenyewe, lifike shingoni. Funga! Funga juu ya povu. Hewa ikibaki mle ndani, bia inakufa."

Nyamburi akakandamiza mkono wa kifungio. Kizibo kikakaa.

Lilian akachukua chupa nyingine.

"Unajua," Ryoba akasema, "siku Maige alipokujaga hapa mara ya kwanza, nilimpa bia iliyochacha."

Lilian hakuinua uso.

"Nilifanya makusudi. Chungu kama nini! Nikamuuliza, kijana, unaionaje? Akanywa yote. Akasema, mzee, nzuri sana, ila leo nina kiu ya maji. Nikamwambia mama yako, huyu kijana hatakuja kumvunjia mtoto wako heshima mbele za watu."

"Baba Lilian, mwache mtoto afanye kazi," Nyamburi akasema.

"Si anafanya? Mimi naongea tu."

Chozi likamdondoka Lilian, likaingia kwenye beseni.

"Unalia?"

"Gesi, Baba. Imenipuliza machoni."

Ryoba alimwangalia kwa muda. "Jaza," akasema kwa sauti ya chini. "Usisimame. Jaza tu."

Nyamburi akashangaa kidogo. Mume wake hakuwa mtu wa kuharakisha bia hata siku moja.

Simu ikaita.

Lilian aliidaka kabla haijaita mara ya pili, akazunguka nyuma ya tangi la maji.

"Skola!"

"Wametoa mtu! Mdogo wangu, wametoa mtu mzima mzima! Anapumua!"

"Ni nani? Skola, ni nani?"

"Uso wote tope, na wamempakia kwenye gari haraka haraka. Lakini nimeiona jaketi. Ile ya kijani. Jaketi ya Maige!"

Lilian aliteremka chini mgongo umeegemea tangi. Alicheka bila sauti, mkono mdomoni, machozi yakishuka juu ya kicheko. Ile jaketi alimnunulia yeye mwenyewe sokoni Bunda, na muuza mtumba alikuwa ameapa kwamba haiingii maji.

Aliporudi, mikono yake ilikuwa mingine kabisa. Chupa zilijaa. Vizibo vilikaa. Akaanza hata kuimba, wimbo wa kwaya, ule ambao Maige alikuwaga anaukosea maneno kila Jumapili.

Nyamburi akamtazama, akaelewa, akafumba macho kumshukuru Mungu.

Na Ryoba?

"Umepata nini?" aliuliza.

"Nimefurahi tu, Baba."

Mzee akageuza uso upande wa ukuta. Alibaki hivyo, akiutazama ukuta usio na kitu.

Jua lilikuwa limeshapanda vizuri gari dogo jeupe liliposimama mbele ya nyumba. Lilian alisikia mlango wa gari, kisha mlango wa uani ukigongwa.

Na kwenye ule mlango akaiona jaketi ya kijani.

Imejaa tope. Mkono mmoja umechanika. Lilian aliutupa mpira, bia ikaruka hewani, akakimbia, akaita jina lile mara moja tu.

"Maige!"

Mtu aliyekuwa ndani ya jaketi akainua uso.

Alikuwa Danford.

Danford, rafiki wa Maige, mchimbaji mwenzake, aliyekuwa asimame naye kama msindikizaji wa bwana harusi. Mguu wake ulifungwa bendeji.

"Shemeji," alisema.

"Umevaa jaketi ya nani?"

"Shemeji, kaa chini kwanza."

"Danford! Nakuuliza umevaa jaketi ya nani!"

Nyamburi alikuja mbio, amenyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe. "Danford baba, nyamaza. Twende huku ndani. Mzee anaumwa moyo, nyamaza..."

"Mwache aseme."

Wote wakageuka. Ryoba alikuwa amesimama. Ameushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, lakini amesimama.

"Mwache kijana aseme alichokuja kusema, Mama Lilian. Mimi najua tangu asubuhi."

Ile bia iliyokuwa inavuja kwenye mpira, Danford ndiye aliyeinama akaifunga.

"Unajua nini?" Nyamburi akauliza.

"Baltazari mwenye duara alinipigia kabla hamjaamka. Aliniambia limeanguka na mkwe wangu yuko chini."

Lilian hakumwelewa. Alimtazama baba yake kama mtu anayesikiliza lugha ya ugenini. Kisha akamgeukia Danford, maana kwanza alitaka kujua lile moja.

"Yuko wapi?"

Danford akaanza kulia kabla hajaanza kusema.

"Usiku nilikuwa na homa. Natetemeka kule chini. Akavua jaketi akanivalisha. Tukasikia magogo yanayoshikilia shimo yanalia. Kamba ilikuwa moja, shemeji. Mimi nikamwambia tangulia, una sendofu Jumamosi. Akanifunga mimi. Akasema, toka wewe mgonjwa, mimi nakuja. Nikavutwa juu, sikufika hata nusu. Ardhi ikatukuta. Mimi walinikuta na kamba. Yeye..."

"Yeye nini?"

"Wamemtoa baada yangu, wakamleta pale pale hospitali. Nimemshika mkono. Nimemwita, nimeusugua. Ulikuwa wa baridi, Lilian. Nilikataa kulazwa, nikaomba gari linilete, usije ukaambiwa na mtu asiyemjua."

Lilian hakupiga kelele. Majirani walioanza kuchungulia kwenye ukuta walingoja ile kelele, haikuja. Alimwendea Danford, akashika ule mkono wa jaketi uliochanika, akajaribu kuurudishia mahali pake, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akaiweka pua yake pale begani, akanusa. Ilikuwa tope tu.

Alipogeuka, alimgeukia baba yake.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukatuamsha tujaze bia."

"Ndiyo."

"Nimekaa hapa nafunga vizibo na Maige yuko chini ya udongo! Nimeimba, Baba! Umenisikia nikiimba!"

"Nimekusikia."

"Ningekuwa pale! Ningefika! Angetolewa akanikuta nimesimama pale!"

Nyamburi alitaka kumshika. Lilian akautoa mkono wa mama yake. "Na wewe ulinizuia! Nilitaka kwenda ukanizuia!"

"Mimi sikujua kama baba yako anajua, mwanangu. Mimi nilikuwa namficha yeye!"

"Na mimi nilikuwa nawaficha ninyi," Ryoba akasema.

Akakaa.

"Kaka yangu Hezron alifunikwa na duara kule Buhemba," alisema, na hakumwangalia mtu. "Ninyi hamkumjua, Lilian hukuwa umezaliwa. Mimi nilikimbia nikafika. Nilikuwepo alipotolewa. Alikuwa mtu mzuri wa sura, Hezron, wasichana walikuwaga wanamfuata mpaka kisimani. Leo ukiniuliza alikuwa na sura gani, siioni. Naiona ile waliyoitoa shimoni. Hiyo tu. Miaka yote hii, nikifumba macho, hiyo tu."

Akavuta pumzi.

"Nikasema, mwanangu hataiona hiyo. Nikasema, kama kuna matumaini, tutaambiwa. Kama hakuna, basi ashinde hata asubuhi moja bado ni mchumba wa mtu."

"Haikuwa asubuhi yako, Baba," Lilian akasema.

Mzee akainamisha kichwa.

Danford alikuwa amekaa chini, kichwa magotini. Pipa lilikuwa bado na bia, karibu nusu. Barafu ilikuwa imeshakuwa maji kwenye beseni, na chupa zilizofungwa zilisimama kwenye makreti, safi, nyekundu, tayari kwa watu ambao hawatakuja tena kucheza.

Lilian alilitazama kreti la juu. Akaliinua. Nyamburi alijua kabisa linakokwenda, akapiga ukelele, "Usivunje, mwanangu, usivunje!"

Lilian akabaki amelishika. Chupa zikagongana. Akaliweka chini.

Ndipo Ryoba alipoteremka kwenye kiti. Hakusimama, alishuka kwa magoti, akajivuta mpaka kwenye pipa. Akachukua chupa, akaingiza mpira, akafungua. Mikono yake haikuwa na nguvu. Aliiharakisha, yeye ambaye maisha yake yote aliwakataza watu kuiharakisha, na povu likafoka, likamrukia kifuani na usoni.

"Itakwenda msibani," alisema, povu likimtiririka kwenye ndevu. "Wale wanaochimba kaburi watakunywa nini? Wakwe zangu watakunywa nini? Nilipika ya kumpokea. Nitamzika nayo."

Akachukua chupa nyingine. Ikafoka tena.

Nyamburi alilia sasa, waziwazi, ameshika kichwa.

Lilian alitazama mpaka hakuweza kuendelea kutazama. Alipiga magoti upande wa pili wa pipa, akaupokea mpira mkononi mwa baba yake. Hakumwangalia. Hakumsamehe, msomaji, tusidanganyane. Aliingiza tu mpira mpaka chini, akaacha povu lipande, na baba yake akaweka kizibo.

Walimaliza pipa lile hivyo.

Alasiri, watu wa kwaya wameanza kukusanyika, maturubai yaliyokodiwa kwa sendofu yanafungwa kwa ajili ya msiba, likaja gari la pili.

Aliteremka mwanamke mrefu, kanga mbili nyeusi, miguu mitupu. Hakuwa analia. Nyuma yake alikuwa kaka yake, Clementi, amevua kofia.

Uwanja ukafunguka wenyewe kumpisha.

Alikuwa Bhoke, mama yake Maige. Mjane, mkulima wa pamba kule Bunda. Maige alikuwa mtoto wake wa pekee.

"Mkwe," Ryoba akasema kutoka kwenye kiti chake, "pole. Sina maneno."

"Hata mimi sina. Mimi na wewe tulipigiwa simu ile ile, mkwe. Mimi nilikwenda. Nimemtoa mwanangu, nimemsafisha tope, nimemwacha mochwari. Sasa nimekuja hapa."

Wazee wa upande wa Ryoba wakaangaliana. Mmoja akanong'ona: amekuja kuuliza ng'ombe wa mahari.

Bhoke alisikia. "Sikujia ng'ombe. Ng'ombe wakae."

"Basi karibu ukae, tupange mazishi," Nyamburi akasema.

"Sijaja kukaa. Nyumba yangu imebaki tupu. Mume alikufa, leo mtoto amekufa. Kwetu nyumba ya namna hiyo haiachwi ikaota majani, na ninyi mnajua. Mama mwenye nyumba anaoa." Akaunyoosha mkono. "Nimekuja kumchukua Lilian. Mahari ilishatoka."

Watu wa kwaya, wengi wao watoto wa mjini, walidhani wamesikia vibaya. Wazee hawakudhani hivyo. Nyumba ntobhu si neno geni kwao: mwanamke asiye na mtoto wa kiume kuoa mwanamke, ili watoto watakaozaliwa waibebe nyumba yake.

"Bhoke!" Nyamburi akaruka mbele. "Mwanangu hataolewa na kaburi!"

"Hataolewa na kaburi. Ataolewa na mimi."

"Mkwe," Ryoba akasema, sauti imekauka, "una uchungu. Ninakuheshimu. Lakini mwanangu ni kijana. Atalia, siku zitakwenda, atapata mtu wake. Jibu langu ni..."

"Baba, usijibu."

Lilian alikuwa amesimama katikati yao, gauni lake bado limelowa bia.

"Usinijibie tena," alisema. "Leo umeshanijibia mara moja." Akamgeukia Bhoke. "Mama, nyumba yako si tupu. Nina mtoto wa Maige tumboni. Nilikuwa nimwambie yeye Jumamosi, tukishaachwa peke yetu. Hakuwahi kujua."

Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, Bhoke aliyumba. Clementi akamdaka kiwiko. Mwanamke yule aliyemwosha mwanawe tope bila chozi, sasa chozi lilimtoka, moja, kisha yote kwa pamoja.

"Basi twende," alisema akilia. "Mwenye mtoto wa marehemu analala kwa marehemu. Panda gari, mwanangu, twende."

"Lilian!" Ryoba alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Unajua maana yake? Ukipanda gari lile mbele ya wazee hawa, umeolewa. Hutarudi hapa. Na huyo mtoto hatakuwa wako, atakuwa wa nyumba ile!"

"Baki, mwanangu," Nyamburi akalia, amemshika mkono. "Tutamlea hapa. Baki."

Lilian alimtazama mama yake. Akamtazama baba yake kwa muda mrefu, yule mzee aliyetaka kumwachia asubuhi moja. Kisha akamuuliza Bhoke swali moja tu.

"Nikienda na wewe, nitamwona?"

"Utamwona leo hii," Bhoke akajibu. "Ameumia, mwanangu. Ameumia sana usoni. Lakini utamwona. Mimi sitakuficha kitu."

Lilian akautoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa mama yake, akaenda, akashika mlango wa gari.